Kizuizi cha Mvua kwenye Njia ya Kabambare

Niliporudi Kasongo nilikuwa na diploma ya ufundi wa magari kutoka Elisabethville, na nasema bila aibu kwamba upande wetu wote wa kusini mwa Maniema hakukuwa na mtu mweusi mwingine mwenye karatasi kama hiyo. Walikuwepo waliojua kuendesha. Hao walijifunza kwa kuosha magari ya Wazungu na kuchungulia. Mimi nilikaa darasani miaka minne. Nilichora injini kwa penseli na rula, nikaifungua vipande vipande mbele ya watahini watatu, nikaifunga tena, ikawaka mara ya kwanza. Mmoja wa watahini alinipa mkono. Wanafunzi wengine hakuwapa.

Sikusomeshwa na mjomba wala padri. Nilitembea kutoka kwetu, upande wa Wamaza, mpaka Kongolo nikiwa na shati moja, nikapanda treni ya kusini nikiwa nimesimama, na chakula changu cha miaka minne nilikipata kwa kubeba magunia ya saruji jioni baada ya masomo. Kwa hiyo niliporudi na sanduku la chuma, baiskeli mpya na kofia nyeupe ngumu kama ya bwana mkubwa, sikuona sababu ya kuinamisha kichwa. Watu wa Kasongo waliniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kufundisha hata siku moja. Niliwaacha waniite.

Diploma yenyewe niliiweka ndani ya kopo refu la bati nililolichomelea mwenyewe, nikalifunga nyuma ya kiti cha lori. Ilikuwa karatasi nene, yenye saini tatu za bluu na mihuri miwili, mmoja wa wino mwekundu na mwingine uliobonyezwa kwenye karatasi hadi ukatokeza upande wa pili. Nani angeiacha nyumbani iliwe na mchwa?

Lori lilikuwa la tajiri mmoja Mgiriki aliyekuwa na duka mjini. Alinikabidhi bila kunijaribu. Nilipeleka chumvi, vitambaa na majembe Kabambare, nikarudi na pamba na mpunga. Kwenye ramani ni safari ya siku moja, lakini aliyeichora ramani hakuwahi kupita huko mwezi wa kumi na moja. Mimi na mpakiaji wangu tulitumia siku tatu au nne, na mara moja siku tisa. Nyumba za wasafiri zilizojengwa na serikali zilikuwa za Wazungu, hata usiku ambao hapakuwa na Mzungu hata mmoja wa kulala ndani yake. Sisi tulilala porini.

Nilijifunza kulala porini kama nilivyojifunza injini, kwa utaratibu. Unasimamisha lori juu ya mwinuko, pua ikitazama mteremko, ili asubuhi betri ikikataa liwake kwa kuteremka lenyewe. Hulali chini ya mti mkubwa baada ya mvua, kwa sababu matawi yaliyolowa huanguka bila upepo. Unapiga ardhi kwa koleo na kungoja kidogo. Kama siafu wako chini, watatoka. Unamwaga majivu kuzunguka turubai. Chui tuliwasikia mara nyingi. Sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya chui.

Mpakiaji wangu alikuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mjini Kasongo, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, mwenye mabega ya kubeba robota la pamba peke yake na mdomo usiojua kupumzika.

“Mwalimu,” aliniambia karibu kila tulipotandika turubai, “huko Elisabethville walikufundisha kulala tu chini ya gari? Ningejua, ningekufundisha mie bure.”

“Walinifundisha kuliponya gari.”

“Basi liponye lizae vitanda.”

Kilichotuchelewesha kuliko matope kilikuwa kizuizi cha mvua. Njia zote zilikuwa za udongo, na kila kijiji kilipewa kipande chake cha kutunza. Mvua ikinyesha, mlinzi wa njia alilaza mti mrefu juu ya mapanda mawili, na hakuna gari lililopita mpaka udongo ukauke, ili magurudumu yasiikate njia. Ilikuwa amri. Kupita wakati mti umelazwa kulihitaji karatasi ya mkuu wa teritwari, yaani wilaya, yenye muhuri. Walinzi wengi hawakujua kusoma, lakini muhuri waliujua. Enzi ile mtu wetu alihitaji karatasi ili asafiri, ili alale mjini, ili aonyeshe amelipa kodi, na alijifunza kuutambua muhuri kabla ya kujifunza herufi hata moja.

Siku ninayoisema tulikuwa tunarudi kutoka Kabambare na marobota ya pamba. Asubuhi, kabla ya kufika Wamaza, niliona watu wamesimama katikati ya njia, na mwanamke mmoja akipunga kitambaa. Alikuwa shangazi yangu. Nyuma yake, juu ya mkeka, alikuwa amelazwa dada yangu mkubwa.

Mama yetu alifariki nikiwa bado natambaa. Dada yangu, niliyemwita Yaya, mwenyewe akiwa mtoto, ndiye aliyenibeba mgongoni shambani, mtoni na sokoni, akanitafunia chakula kabla sijaota meno ya kutosha. Nimesema sikusomeshwa na mtu, na ni kweli. Lakini kuishi kwangu mpaka umri wa kwenda shule kulikuwa kazi yake. Sasa alikuwa na mimba ya nne, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake alfajiri.

“Mwuguzi wa dispensari amemuangalia,” shangazi alisema, akiwa ameshika mlango wa lori kabla sijalisimamisha sawasawa. “Anasema mutoto amelala kwa kukingama. Mikono yake yeye haiwezi. Iko kisu cha dokta wa Kasongo tu.”

“Mume wake iko wapi?”

“Wamemuchukua kazi ya njia, upande wa Kabambare. Wiki ya pili sasa. Tumetuma mutu kumuita.”

Tulishusha marobota manne kando ya njia, tukatengeneza nafasi katikati ya yale mengine, tukamlaza juu ya pamba chini ya turubai. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Hata hivyo alicheka kidogo.

“Mudogo wangu, leo umenilaza kama bibi ya Mzungu.”

“Nyamaza, Yaya, usijichoshe.”

“Nikinyamaza utalia. Ninakujua. Endesha.”

Niliwaambia watu waliosimama pale, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, kwamba kabla ya jua kuzama dada yangu atakuwa mikononi mwa daktari. Walipiga makofi. Mwanamke mmoja alisema ni heri kuwa na ndugu aliyesoma. Niliendesha nikiwa nayasikia maneno hayo masikioni.

Mvua ilitukuta mchana, nene, ya kufuta njia mbele ya kioo. Ilinyesha kwa muda wa kupika chungu cha maharage, kisha ikakatika. Tulipotoka kwenye kona moja mti ulikuwa umelazwa.

Mlinzi wa pale alikuwa mzee mwembamba, mwenye koti la kijeshi lililokatwa mikono na kibati cha shaba kifuani, alama ya kazi yake. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuja taratibu, magoti yakiwa na matope.

“Bwana Shofere, njia iko ya kufungwa.”

“Niko na mgonjwa, Mzee.”

Alipanda juu ya gurudumu, akachungulia chini ya turubai, akashuka na uso mwingine.

“Iko vibaya,” alisema. “Lakini unisikilize. Kule bondeni maji yamepanda juu ya daraja. Ile miti, mvua ikipita, ninaitembea kwa mguu, moja moja, ninaigonga. Leo sijaigonga. Gari lako halitapita. Mutu atapita.”

“Mtu gani?”

“Watu wetu. Kitanda cha kubebea iko nyuma ya nyumba yangu. Wanaume wanane ninakupa saa hii. Ninapiga ngoma, kijiji cha mbele wanatayarisha wanane wengine, na wale wa mbele yao vilevile. Njia ya miguu inakata milima, haizunguki kama barabara. Watatembea usiku na mienge. Kesho jua halijafika katikati, mama huyu iko Kasongo.”

Desturi hiyo niliijua. Kabla ya magari, wagonjwa wote walisafirishwa hivyo, kijiji kikipokea kutoka kwa kijiji kwenye mpaka wa mashamba, mabega kwa mabega, bila kitanda kugusa chini. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa nani. Nilipokuwa mdogo niliwahi kukimbia nyuma ya kitanda kama hicho mpaka mpakani.

Naandika hapa nilichofikiri, si ambacho ningependa kuwa nimefikiri. Nilifikiri juu ya Kasongo. Niliona watu wa soko na watu wa misheni wakimtazama dada wa fundi mwenye diploma akiingia mjini mabegani mwa watu, kama enzi za babu zetu, huku lori la ndugu yake limesimama porini kwa sababu mzee asiyejua kusoma amelaza mti. Nilikuwa nimebeba saruji miaka minne ili mambo kama hayo yaishe kwetu.

Mpakiaji alikuja karibu yangu. “Mwalimu, mpe mzee mgonjwa wetu. Sisi tutafuata njia ikikauka. Gari halina mimba.”

“Hukuulizwa.”

“Ndiyo maana ninasema.”

Shangazi alitoa kichwa chini ya turubai. “Mwanangu, unaona je?”

“Gari linakwenda haraka kuliko watu,” nilimjibu.

Akarudisha kichwa ndani. Aliniamini.

Nilikwenda nyuma ya kiti, nikafungua kopo la bati, nikaitandaza diploma juu ya boneti lenye joto.

“Unajua hii?” nilimuuliza mlinzi.

Alipangusa mikono kwenye koti kabla ya kuigusa. Hakujaribu kusoma. Alitafuta mihuri, akaipata yote miwili, akapitisha kidole juu ya ule uliobonyezwa, polepole, kama mtu anayepapasa kovu. Akavua kofia.

“Iko mingi kuliko ya Bwana Mkubwa wa teritwari,” alisema. “Hii imeandikwa na Bula Matari?”

Bula Matari ndilo jina tuliloiita serikali.

“Nani mwingine angeiandika?”

Sikusema kwamba ni ruhusa. Sikusema kwamba si ruhusa. Nilisimama na kofia yangu nyeupe kichwani, nikamwacha amalizie mwenyewe.

“Kama wakubwa wameandika upite,” alisema, “basi wanajua habari ya daraja kuliko mie.” Akainua mti.

Daraja lilikuwa la magogo sita makubwa, na juu yake mbao mbili za kupitishia magurudumu. Maji ya rangi ya kahawia yalikuwa yanapita juu ya mbao, si marefu, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Sikuwa mjinga, nilishuka. Niligonga magogo mawili ya kushoto kwa nyundo, yakaitikia vizuri. Nilipiga hesabu ya uzito kichwani kama nilivyofundishwa, mzigo, gari na watu. Hesabu ile ilikuwa sahihi. Hata leo nikiirudia inatoka ileile. Lakini ilikuwa hesabu ya miti mizima, na ya kulia sikuigonga kwa sababu ilikuwa chini ya maji.

Mpakiaji alikataa kupanda. “Mie nitavuka kama mutu, si kama mzigo,” alisema, akatangulia mbele akinionyesha njia kwa mikono. Shangazi na dada yangu walibaki juu ya pamba.

Magurudumu ya mbele yalivuka. Ya nyuma upande wa kulia yalifika katikati, gogo likakatika bila kelele nyingi, kama muhogo uliopikwa, na lori likakaa kitako. Dada yangu alipiga ukelele. Nilikuwa nimesikia uchungu wake tangu asubuhi, lakini ule haukuwa ukelele wa uchungu wa kuzaa.

Tulimteremsha sisi watatu, tukamrudisha ukingoni tulikotoka, kwenye mwinuko. Nililala chini ya lori, maji yakinipita kifuani, nikaweka jeki juu ya ubao. Ubao ulizama. Niliweka mbao mbili, zikazama. Nilikata mti, nikafanya wenzo, mpakiaji akauning’inia kwa uzito wake wote, lori likainuka upana wa vidole vitatu, likarudi. Mvua ikaanza tena. Nilipotoka chini ya lori mpakiaji alinitazama mikono iliyochunika, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na mzaha.

“Ninarudi kwa mzee,” alisema. “Kumuomba kile kitanda.”

Akaondoka akiteleza, jua likiwa limekaribia kuzama.

Turubai nililitandika mimi, na nililitandika vizuri, kwa kamba nne na mfereji wa kupitisha maji. Niliwasha moto kwa petroli juu ya kuni mbichi. Nililala porini mara nyingi kabla ya usiku ule na mara nyingi baada yake, na sijawahi kupanga kambi nzuri kuliko ile. Siafu walikuja hata hivyo, kwa sababu mvua ilikuwa imeyaloanisha majivu. Shangazi na mimi tulimpandisha dada yangu juu ya marobota mawili, tukawa tunawaondoa miguuni mwake mmoja mmoja.

“Mudogo,” alisema, “tumefika?”

“Karibu, Yaya.”

“Unaangalia pembeni. Tangu ukiwa mutoto, ukisema uongo unaangalia pembeni.”

Baada ya hapo alizungumza na shangazi tu.

Kulipopambazuka walitoka kwenye ukungu, wanaume wanane na kitanda, mpakiaji nyuma yao na mlinzi mbele. Ngoma ilikuwa imepigwa jioni, lakini mvua iliimeza. Mzee alikuwa amezunguka usiku kucha, nyumba kwa nyumba, kisha akatuma mtu mmoja mwenye mbio kijiji cha mbele. Alipita kwenye daraja, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye lile gogo lililokatika. Ndani lilikuwa jeusi na laini. Akainuka bila kunitazama.

“Tumpokee mama,” aliwaambia watu wake.

Walimvusha mtoni wakiwa na maji kifuani na kitanda juu ya vichwa. Upande wa pili walishika mwendo ambao sikuweza kuufuata na viatu vyangu. Nilivivua, nikakimbia pekupeku. Walikuwa wanabadilishana mabega bila kusimama na bila amri. Mtu aliyekuwa kando yangu alikuwa akiimba chini ya pumzi ili miguu ya wote iende pamoja. Niliwatazama na nikaona jambo ambalo fundi hawezi kukosa kuliona: kitanda hakikuwa kinatikisika.

Kwenye mpaka wa mashamba ya kijiji cha pili walikuwa wamesimama wengine wanane, wameshafunga vitambaa mabegani. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Waliinama kuingia chini ya miti ya kitanda, na shangazi akaweka mkono juu ya kifua cha dada yangu, akauacha pale, akauacha tena muda mrefu.

“Musimchukue,” aliwaambia. “Mumuweke chini.”

Tulimzika siku ileile, mtoto wake akiwa ndani yake. Mkubwa wa kijiji kile, mtu tusiyemjua, alitupa nafasi nyuma ya shamba lake la mihogo. Wale wanaume wanane wa pili ndio waliochimba.

Baada ya maziko nilirudi kwenye lori. Wengine walilisema hilo vibaya, lakini lilikuwa mali ya mtu, nimekabidhiwa mimi, na barabara yote ilikuwa imezibwa nalo. Nilikaa siku nne pale mtoni, nalala kwenye turubai lilelile, nakata magogo na kuyaburuta. Mpakiaji alipika bugali na samaki mkavu. 

Siku ya tatu alikuja Mzungu wa teritwari na askari wawili, kuona daraja. Mlinzi aliletwa. Mzungu aliuliza ni nani aliyefungua njia. Mzee akasema ni yeye. Aliona karatasi yenye mihuri. Karatasi gani? Akanionyesha mimi kwa kidevu.

Nilieleza kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa safi. Nilisema nilikuwa na mgonjwa wa kufa, kwamba mlinzi alitaka kujua mimi ni nani, na kwamba nilimwonyesha diploma yangu. Mzungu aliomba aione. Aliisoma yote akiwa amesimama kwenye matope, akatazama alama nilizopata, akasema hajawahi kuona alama kama zile kwa mtu wa sehemu hizi. Alinirudishia kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mzee na kucheka.

“Umefungulia njia cheti cha shule?”

“Niliona mihuri, Bwana.”

Walimng’oa kibati cha shaba. Walimlaza juu ya magogo yangu mapya, na askari akampiga kiboko kwa idadi iliyotajwa. Kiboko kilikuwa halali wakati ule. Ilikuwapo sentensi moja ya kusema: kwamba aliniuliza kama karatasi imeandikwa na serikali, na mimi nikamwacha aamini kwamba inanipitisha. Nilikuwa nayo kichwani tayari, kwa Kifaransa, vitenzi vyote vikiwa mahali pake. Sikuisema. Nilikuwa bado nimeishika karatasi yangu kwa mikono miwili, kama nilivyopewa.

Walipoondoka mzee alibaki amekaa, anachomeka shati lake taratibu. Nilimpelekea maji. Aliyanywa.

“Bwana Shofere, ile karatasi ilisema nini?”

“Inasema mimi ni fundi wa magari.”

“Basi haikusema uongo,” alisema. Akainuka kwa kushika goti, akaenda zake.

Siku ya nne alifika shemeji yangu, mume wa dada, kwa miguu kutoka kazi ya njia. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa majani kwa kidonda. Alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache, na hakukubali kukaa.

“Shemeji, wanasema watu wanane walikuwa tayari na kitanda. Ni kweli?”

Nilimweleza. Nilimweleza juu ya mvua, urefu wa maji, magogo ya kushoto na ya kulia, namna mti unavyooza kutoka ndani bila kuonyesha nje, na uzito wa lori. Nilichora kwenye matope kwa kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Nimekuuliza juu ya watu,” alisema. “Unanijibu juu ya miti.”

Mpakiaji aligeuza uso, akajifanya anatafuta kuni.

“Ni kweli,” nilisema. “Walikuwa tayari. Nilikataa mimi.”

“Sababu gani?”

“Niliona haya abebwe.”

Alinitazama, si kwa hasira. Zaidi kama mtu anayetazama kitu kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua. Nilimwambia nitampeleka kaburini. Alikataa.

“Nitauliza njia kwa watu,” alisema, akavuka mto na mguu wake ule.

Jioni ile lori lilitoka. Mafundi wengine wangengoja gari la pili la kuvuta kutoka Kasongo. Mimi nilitumia jeki moja, minyororo miwili na magogo niliyoyakata mwenyewe. Halikukosa boliti hata moja, na pamba ilikauka ikauzika. Tajiri alinisifu dukani mbele ya wateja, na nilipokea sifa zake, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri.

Dada yangu aliacha watoto watatu. Nilikuwa na mshahara mkubwa na nyumba ya matofali, na nilituma ombi kwamba mmoja aje kwangu asome. Halikujibiwa. Nikatuma la pili, kwa barua, mwalimu wa katekisimu akamsomea shemeji. La tatu lilijibiwa kwa mdomo wa dereva mwingine, aliyenifikishia akiwa anatazama viatu vyake: watoto ni wazima, wanalima na baba yao, na nikipita pale nisisimamishe gari.

Niliipita njia ile miaka saba zaidi. Wakati mwingine shemeji na watoto waliponisikia walikuwa shambani, karibu kabisa na barabara, na wale wadogo waliinua majembe kunitazama. Nilipunguza mwendo ili vumbi lisiwafikie. Sikusimama.